Sauti ya nahodha na mzigo ulioko kichwani

Kipindi cha kusi, boti ikitoka Shela, kisiwani Lamu, kuelekea bahari kuu hupokewa na mawimbi mapema, wakati mwingine abiria bado anahangaika na kamba za jaketi. Nahodha huita kwenye redio, "Lamu, wanipata?" Maneno ni yaleyale ya kila siku, lakini mzee aliyekaa ufukweni na redio yake hugeuza kichwa: "Huyu leo hayuko sawa." Amesikia nini? Sisi tunaopima sauti tunalitafuta jambo hilohilo, ila kwa kompyuta.

Sauti huanzia kwenye zoloto, ndani ya koo, pale pumzi inapozitikisa nyuzi mbili za sauti. Kwa mwanamume mtu mzima hutikisika mara 120 hivi kwa sekunde, yaani Hezi 120. Kwa mwanamke hukaribia 200. Mtu akibanwa na hofu, misuli ya koo hukaza, nyuzi hunyooshwa kama amari, kamba ya nanga, iliyovutwa, na sauti hupanda. Mdomo hukauka, pumzi huwa fupi. Kompyuta huona na yale ambayo sikio haliyahesabu: mitikisiko inayopishana kidogo kwa muda na kwa nguvu, kasi ya silabi, na kimya kati ya neno na neno.

Mfano maarufu ni wa tarehe 6 Mei 1937, puto kubwa la kusafiria Hindenburg liliposhika moto huko New Jersey, Marekani. Mtangazaji Herbert Morrison alikuwa akirekodi, na kilio chake kimehifadhiwa. Mwaka 1972 Carl Williams na Kenneth Stevens walichapisha utafiti wao kuhusu hisia na usemi. Sauti hiyo ilikuwa miongoni mwa walizozichambua.

Ila hofu na mzigo wa kazi ni vitu viwili. Mwambie kijana wako atoe saba saba kuanzia mia. Tisini na tatu, haraka. Thamanini na sita. Halafu, eeh, sabini na… tisa. Hana hofu yoyote, lakini kile kimya kimerefuka. Ndiyo maana hatuishii kwenye sauti. Tunamwuliza mhusika pia. Dodoso la NASA-TLX la mwaka 1988, la kupima mzigo wa kazi, lina vipimo sita, kikiwemo cha kazi ya akili, cha haraka ya muda na cha kero.

Shida kubwa ni injini. Mfaransa Étienne Lombard alionyesha mwaka 1911 kwamba mtu akizungukwa na kelele hupaza sauti bila kukusudia. Kwa hiyo nahodha aliyetulia kabisa, mbele ya injini inayonguruma, anaweza kusikika kama aliyebanwa. Redio nayo hukata sauti za chini, na Hezi 120 ni miongoni mwa zinazopotea; kompyuta hulazimika kuzikisia kutokana na zile za juu. Ongeza mafua, miraa, au usiku usio na usingizi. Kumlinganisha Ali na Omari hakusaidii kitu. Mlinganishe Ali na Ali mwenyewe, siku ya bahari shwari, injini ileile.

Swali ninaloulizwa zaidi pale gatini Mokowe hutoka kwa wenye boti: mashine hii itaniambia nani ananiibia mafuta? Haitakuambia. Mwaka 2003 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilipitia mashine za kunasa uongo kwa sauti na likaona msingi wake wa kisayansi ni haba. Asiye na hatia naye koo humkauka akihojiwa na bosi wake. Tena Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 huutaja utambuzi wa sauti kati ya data za kibayometria, kwa hiyo usimrekodi mtu kimyakimya.

Kwa mtu wa redio, ushauri wangu ni mdogo. Ukisikia sauti imepanda na maneno yanagongana, usimrundikie nahodha maswali. Mwulize yuko wapi, ungoje ajibu, umrudishie jibu lake alithibitishe. Ndipo umwulize ana abiria wangapi.