Je, Kenya ikijitoa jumuiya, bidhaa za nje zitapungua sokoni?

Hapa Malindi wengi wanaamini kwamba Kenya ikijitoa katika jumuiya ya Afrika Mashariki, bidhaa za nje zitapungua na mkulima wetu atapumua. Hofu hiyo si ya bure: vitunguu vya Tanzania vikijaa sokoni, bei ya shambani hushuka kweli.

Lakini hebu soma gunia la mchele dukani. Mara nyingi utakuta limeandikwa Pakistan, nchi isiyo mwanachama. Tangu umoja wa forodha uanze mwaka 2005, nafuu ya ushuru ni ya bidhaa zilizozalishwa ndani ya jumuiya, zenye cheti cha asili, yaani hati inayoonyesha zilikozalishwa. Za kutoka kwingine kwa kawaida hutozwa ushuru wa pamoja, uliokubaliwa na nchi wanachama. Kwa hiyo kujitoa peke yake hakuzuii gunia la Pakistan. Mchele wa Mbeya, Tanzania, ndio ungeweza kuanza kutozwa.

Na hasara huuma pande zote. Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa hadi 1983.

Ukitaka kuhakikisha, muulize mwenye duka gunia limetoka nchi gani, kisha tazama jedwali la ushuru wa forodha. Liko wazi kwa kila mtu kwenye intaneti.