Je, unyonge ni ada ya umri?

Hapa Bukavu, mzee akipanda kilima kuelekea soko la Kadutu na magoti yakamuuma, huambiwa kwamba ni uzee tu, naye huridhika asimwone daktari. Dhana hiyo ina kasoro. Utafiti wa Becca Levy na wenzake, uliochapishwa mwaka 2002, ulihusu watu 660 wenye miaka 50 na zaidi katika mji mdogo wa Ohio, Marekani, ukaonyesha kwamba waliouona uzee wao kwa jicho jema waliishi takriban miaka 7.5 zaidi ya wenzao, hata baada ya afya na kipato kuzingatiwa. Fikra pekee haziponyi goti, bila shaka. Ila anayeyahesabu maumivu kuwa ada ya umri huelekea kupuuza matibabu yanayowezekana.