Mussorgsky: mengi unayoyasikia yamepitia mikono ya wengine

“Picha Kwenye Maonyesho uliandikwa kwa okestra.” Hapana. Modest Mussorgsky, mtunzi wa muziki wa Urusi, aliutunga kwa piano peke yake Juni 1874, kwa wiki tatu hivi, baada ya maonyesho ya kazi za rafiki yake marehemu, msanifu majengo Viktor Hartmann. (Lile Lango Kuu la Kyiv linalofunga utunzi halikujengwa kamwe, liliishia kwenye mchoro.) Toleo la okestra linalopigwa zaidi ni la Mfaransa Maurice Ravel, la 1922.

Ukitaka kulipambanua na la piano, sikiliza kipande cha “Bydło”, yaani mkokoteni wa maksai. Mussorgsky aliandika ff (sauti kubwa sana) tangu nota ya kwanza: mkokoteni umeshafika mbele yako, mzito, unakokotwa. Kwa Ravel unaanzia mbali, tuba, tarumbeta kubwa nzito, ikiimba kwa sauti ndogo, ndipo unapokaribia. Lakini Ravel asilaumiwe hapo. Alifuata chapa ya 1886 iliyohaririwa na mtunzi mwenzake Mussorgsky, Nikolai Rimsky-Korsakov, naye ndiye aliyepunguza sauti ya mwanzo huo. Mpiga piano anayenunua nota atazame kama “Bydło” inaanza kwa ff kabla ya kulipa. Lililo la Ravel mwenyewe ni kuyaacha “Matembezi”, kipande kinachorudiarudia, pale yanapotangulia kipande cha soko la Limoges.

“Usiku Kwenye Mlima Kipara unaisha kwa kengele na utulivu wa alfajiri.” Toleo hilo la utunzi huu wa okestra ni la Rimsky-Korsakov, lililopigwa 1886 mtunzi akiwa amekwisha kufa. La Mussorgsky la 1867 halina alfajiri: wachawi wanapiga kelele mpaka nota ya mwisho. Mtunzi mwenzake Balakirev alilikataa, na Mussorgsky hakuwahi kulisikia. Hata hivyo, alfajiri hiyo haikuzuka hewani. Mussorgsky mwenyewe aliiandika 1880, pamoja na kwaya, kwa opera yake ya Soko la Sorochintsy.

“Opera ya Boris Godunov ilikataliwa kwa sababu hakujua kuandikia okestra.” Hapana. Hoja kubwa iliyotolewa 1871 ilikuwa kwamba opera haina mwanamke mwenye nafasi kuu. Mussorgsky akaongeza tendo la Poland lenye mhusika wa kike, Marina, na opera ikapanda jukwaani katika ukumbi wa Mariinsky, St. Petersburg, mwaka 1874. Sifa ya “hajui” ilikolezwa baadaye na marekebisho ya Rimsky-Korsakov, aliyelainisha upatanifu wa sauti na kuipa okestra mng’ao. Nia ilikuwa njema, na pengine bila yeye opera ingesahaulika. Ila mhariri Pavel Lamm alipochapisha maandishi asilia 1928, ilionekana kwamba ukavu wa okestra ya Mussorgsky ulikuwa na kazi yake: okestra inakaa nyuma ili maneno ya Kirusi yasikike kama yanavyosemwa.

“Alikuwa mzee mlevi.” Kunywa alikunywa, na pombe ilimuua. Uzee ndio uongo. Picha ile ya pua nyekundu na joho la wagonjwa ilichorwa na Ilya Repin kwa siku nne, hospitali ya jeshi, katikati ya Machi 1881. Mussorgsky alifariki tarehe 28 mwezi huohuo. Alikuwa na miaka 42, aliyoitimiza wiki moja kabla.