Ukapita wa mtoto mdogo: maana yake, na kwa nini wenzake wanamkimbia

Lubumbashi, huku Kongo, neno kapita halihitaji kamusi. Asili yake ni Kireno, capitão, na enzi za Union Minière, kampuni ya migodi iliyoanzishwa mwaka 1906, kapita ndiye aliyesimamia kundi la wafanyakazi kwa niaba ya mkubwa wake. Kuna na makapita wengine, wa miaka mitano hivi, ambao hawajawahi kuona mgodi. Utawakuta uwanjani mwa shule saa ya mapumziko.

Ukapita, kama ninavyolitumia neno hili, ni tabia ya mtoto mdogo kugawa kazi zote za mchezo bila kumuuliza mtu, kuwasahihisha wenzake kila dakika, na kununa mambo yakienda tofauti na alivyoyapanga kichwani. Dada yangu ana binti wa namna hiyo. Siku moja walikuwa watatu, wanapika bukari, yaani ugali, ya udongo mwekundu ndani ya kopo la maziwa. "Miye niko mama. Weye uko mtoto, ikala pale. Hapana vile!" Aliyeambiwa akae pale alikaa kidogo, kisha akasimama: "Miye sichezi tena." Akaenda kuruka kamba, na wa tatu akamfuata. Mama akabaki na kopo lake.

Kapita wa mgodini alitiiwa kwa sababu mwisho wa mwezi kulikuwa na mshahara. Mchezo hauna mshahara. Anayechoka anaondoka tu, wala hakuna wa kumkata siku. Mtoto wetu halioni hilo: yeye anaona mchezo wake umeharibika, kwa hiyo anazidisha amri, na wenzake wanazidi kupungua.

Huo si uonevu. Mwonevu anatafuta wa kumuumiza. Kapita anatafuta mchezo uende sawa, tena kesho atawaita wale wale kwa furaha na kushangaa wasipokuja.

Umri una sehemu yake. Mwaka 1983 wanasaikolojia Heinz Wimmer na Josef Perner waliwasimulia watoto habari za mvulana aliyeweka chokoleti yake kabatini akatoka, na huku nyuma mama yake akaihamishia kabati jingine. Akirudi, ataitafuta wapi? Watoto wadogo, wa miaka mitatu hivi, kwa kawaida huonyesha kabati la pili: wao wanajua iko pale, basi na yeye anajua. Kuanzia miaka minne au mitano wengi huanza kuelewa kwamba kichwa cha mwingine kina picha yake. Ujuzi huo ukiwa bado mchanga, mchezo ukipamba moto husahaulika. Mtoto anaona jiko lake wazi kabisa, na anadhani wenzake wanaliona pia, ila wanafanya ukaidi.

Halafu kuna sisi wakubwa. Binti wa kwanza nyumbani ni yaya tangu hajaota meno ya pili: angalia wadogo zako, wanawishe, wanyamazishe. Na shuleni, tangu masomo ya msingi ya serikali yalipotangazwa kuwa ya bure mwaka 2019, madarasa mengi yamefurika, na mwalimu akitoka kidogo humwacha mmoja aandike ubaoni majina ya wanaopiga kelele. Atachagua nani kama si huyu? Asubuhi tunampa chaki, saa ya mapumziko tunamlaumu.

Kumwambia "acha kuamrisha" hakumsaidii, maana hajui aseme nini badala yake. Mpe maneno yenyewe. "Unataka kuwa nani?" ni swali la kwanza, na ningeanza na hilo peke yake kwa wiki nzima. Lizoeeni nyumbani, mkicheza, na wewe ukubali kazi yoyote isipokuwa ile anayokupangia. Akisema uko mgonjwa, sema wewe ni daktari. Atalalamika. Afadhali alalamike kwako, wewe usiyeondoka, kuliko kujifunzia kwa mtoto atakayemwacha.

Siku za kwanza mwalike mtoto mmoja tu. Wakiwa watatu, wawili huungana na kapita hubaki nje. Michezo yenye kanuni zake pia hufaa sana, kama kuruka kamba au biye (gololi), kwa kuwa zamu inajulikana na hakuna haja ya mtu wa kuitangaza. Hapo kamba ndiyo kapita.

Linabaki suala la kujiunga na kundi ambalo tayari linacheza, na hapo makapita hujikwaa vibaya. Mwaka 1981 wanasaikolojia Martha Putallaz na John Gottman walichunguza namna watoto wanavyoingia katika mchezo wa wengine. Wasiopendwa na wenzao ndio waliopinga zaidi, waliojisemea habari zao na kutoa maoni, hata macho ya wote yakawageukia wao. Waliokaribishwa walikwenda na kile ambacho kundi lilikuwa linafanya. Kwa lugha ya uwanjani: simama pembeni, tazama wanacheza nini, kisha lete kinachopungua. Wanapika? Lete majani ya sombe, yaani kisamvu. Usifike ukisema jiko limewekwa vibaya, hata kama ni kweli.

Jumamosi iliyopita mpwa wangu alipata mgeni, mtoto wa jirani. Akamuuliza, huku akinitazama mimi kwa jicho la pembeni: unataka kuwa nani? "Shofa," mgeni akajibu. Jikoni mle hapakuwa na shofa. Binti akanyamaza muda mrefu, akikoroga udongo, mpaka mgeni akaanza kuendesha gari lake kuzunguka mwembe.

"Shofa," akamwita hatimaye, "fanya mbio, bukari inapoa!"

Shofa akapiga honi, akaja.