Kupasha giaboksi moto: maana yake, na joto lililo salama

Kupasha giaboksi moto ni kuendesha gari taratibu mwanzoni mwa safari, mpaka mafuta yaliyo ndani ya giaboksi (huku Lubumbashi wengi tunaiita bwate) yafikie joto yanalofanyia kazi vizuri. Shika hilo neno kuendesha. Kuwasha gari na kuliacha lingurume uani ni jambo jingine, na ndipo wenye magari ya nguvu wengi wanapokosea.

Injini ina moto wake. Petroli inaungua ndani ya silinda, maji ya rejeta yanapokea joto, na baada ya dakika chache sindano ya dashibodi imefika katikati. Giaboksi haina moto wowote. Joto lake hutokana na meno ya gia yanaposukumana na mafuta yanapokorogwa, na meno hayasukumani kwa nguvu mpaka gari livute uzito wake barabarani. Sindano ikisimama katikati, inakupa habari za maji ya injini tu. Oili ya injini bado iko nyuma, na giaboksi ya gia za mkono iko nyuma zaidi: mara nyingi inataka dakika 15 hadi 20 za mwendo.

Mtu wa Kinshasa anaweza kuliona hili dogo. Sisi tuko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai joto linashuka chini ya nyuzi 10. Mafuta ya 75W-90, yanayotumika kwenye giaboksi nyingi za mkono, yakiwa na nyuzi 10 huwa mazito zaidi ya mara 20 kuliko yakiwa na nyuzi 100. Yanamwagika kama asali iliyolala nje.

Julai moja nilipanda gari la turbo la rafiki yangu pale Kamalondo, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Alikuwa ameliacha lingurume robo saa nzima, sindano iko katikati, naye ameridhika. Kufika kona ya kwanza akakanyaga mafuta, akatoa gia ya kwanza akaivuta ya pili kwa haraka. Krrr! Mtetemo ule niliusikia mpaka kwenye kiti. Klachi yake ilikuwa nzima kabisa. Kilicholia ni sinkronaiza, pete ndogo inayobana koni ya gia ili mwendo wa pande mbili ulingane kabla meno hayajaingiana. Ili ibane, lazima kwanza iyakate mafuta yaliyo kati yake na koni, na mafuta mazito hayakatiki upesi. Mkono ukilazimisha, meno yanakutana kabla ya wakati. Kwenye magari mengi pete hizo ni za shaba ya njano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, madini mawili ambayo ardhi yetu inayo, zinki ikichimbwa hapo Kipushi. Ni laini kuliko chuma cha gia, na zikilika hazirudi.

Kwa hiyo ondoka baada ya nusu dakika hivi, injini isizidi mizunguko 3,000 kwa dakika, turbo isisukumwe, na gia ya pili uiingize kwa kidole badala ya ngumi.

Giaboksi za kujiendesha, yaani otomatiki zinazojibadilishia gia, zina nafuu, kwa sababu nyingi zina kipoza kinachopitisha maji ya injini karibu na mafuta yake: asubuhi maji hayo yanayapasha, mchana yanayapoza. Zile za klachi mbili, kama ya Volkswagen Golf R32 ya mwaka 2003, klachi zake zinaogelea ndani ya mafuta na kompyuta inapima joto lake. Nissan GT-R R35 inamwonyesha dereva joto hilo kwenye skrini. Mwenye gari la namna hiyo asikisie, asome.

Joto likizidi nalo ni hatari. Kwa giaboksi ya kujiendesha, nyuzi 80 hadi 95 ni pazuri. Ikikaribia 120 mafuta yanaanza kuchoka na kuacha utando kwenye vali. Ikifika karibu 150 sili, yaani mipira inayozuia mafuta yasivuje, zinakakamaa na klachi zinateleza. Njia ya kwenda mji wa Likasi inafikisha watu huko: malori ya shaba mbele yako, unajivuta nyuma yao kilomita moja baada ya nyingine, unakanyaga mpaka chini ulipite moja, unarudi kusubiri jingine. Konventa, kifaa cha mafuta kinachounganisha injini na giaboksi ya kujiendesha, inateleza muda wote huo, na kuteleza ndiko kunakozaa joto. Ukiona gari linapunguza nguvu lenyewe au linabadilisha gia kwa kusitasita, usilibishie. Kaa pembeni, weka N (gia huru), acha injini iendelee kunguruma ili mafuta yazunguke kwenye kipoza.

Na usingoje taa iwake ndipo uyakumbuke mafuta. Kama yako yanapimwa kwa kijiti, pangusa tone kwenye karatasi nyeupe. Mengi yakiwa mapya ni mekundu na hayana harufu kali. Yakiwa ya kahawia iliyokolea na yananuka kama kitu kilichoungua, yameshapikwa: mwambie fundi ayabadilishe kabla hujaikabili tena njia ya Likasi.