Kumbukumbu ya pamoja ni nini?

Panda matatu ya kuingia katikati ya Nairobi na utamsikia makanga akiita "Odeon!" Watu wanashuka. Odeon ilikuwa sinema. Iliacha kuonyesha filamu zamani, na wengi wanaoshuka hapo hawakuwahi kukaa ndani yake, lakini jina wanalo, wala hakuna aliyewafundisha. Globe ni vivyo hivyo. OTC nayo ilikuwa kampuni ya mabasi, sasa ni steji.

Hiyo ndiyo kumbukumbu ya pamoja: yale ambayo watu wa mahali fulani huyakumbuka kwa niaba ya kila mmoja wao, hata yule ambaye hakuwepo. Aliyeiwekea dhana hii msingi ni mwanasosholojia Mfaransa Maurice Halbwachs, katika kitabu chake cha mwaka 1925. Alisema mtu hakumbuki peke yake. Hukumbuka akiwa mtoto wa nyumba fulani, muumini wa dini fulani, mtu wa tabaka fulani. Mtoe humo, na mengi yatamponyoka. Mahali nako husaidia, kwa kuwa kona na kuta hututunzia tuliyoyasahau.

Kwa anayeandika au kuchora, hili ni jambo la kazi ya kila siku. Mimi ninaujua vizuri mlango wa nyumba ya wafanyakazi wa reli kule Makongeni, Nairobi, ilhali tulihama nikiwa na mwaka mmoja. Kila Krismasi mama na mama mdogo huubishania jikoni. Mama anasema ulikuwa wa kijani, mama mdogo anashikilia ulikuwa wa buluu. Wanachokubaliana ni kwamba mvua ikinyesha ulivimba ukakwama chini, ikabidi uusukume kwa goti. Nilipoanza kuandika hadithi, goti hilo ndilo lililonijia kwanza. Sikulibuni. Nilipewa.

Je, ni lazima uzaliwe mahali ndipo ukabidhiwe kumbukumbu zake? Sidhani. Marjorie Oludhe Macgoye alizaliwa Uingereza mwaka 1928, akaja Kenya 1954 na kuolewa na Mluo. Katika riwaya yake Coming to Birth ya mwaka 1986, msichana Paulina anafika Nairobi kwa garimoshi mwaka 1956, wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni kuwakabili Mau Mau, na muda si mrefu anapotea jijini. Ile hofu ya kusimama njiani bila kujua umuulize nani, naamini huipati maktabani. Huipata kwa kuishi na watu walioipitia, wakakusimulia mkichambua mboga.

Tusiichanganye kumbukumbu ya pamoja na historia, lakini. Historia hudai ushahidi, na jamii inaweza pia kunyamaza pamoja. Aprili 1954 serikali ya kikoloni iliizingira Nairobi katika Operesheni Anvil, ikakamata maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru. Nyumba nyingi hazikuisimulia habari hiyo kwa watoto. Hapo msanii ana kazi nzito zaidi, maana alichoachiwa ni vipande tu.

Nyanya yangu alikuwa mtaani Pumwani, Nairobi, wiki ile ya Anvil. Nilipomuuliza, alinieleza sufuria ya maharagwe aliyoiacha jikoni, na jinsi mfuniko wake ulivyokuwa umepinda upande mmoja. Hakuendelea. Nimeiandika sufuria hiyo mara nne sasa, na bado sijaipatia.