Samani ya kale hailishwi mafuta

Wengi waliorithi kabati au sanduku la mbao kutoka kwa babu na bibi huamini kwamba mbao kuukuu ina kiu, na kwamba isipopakwa mafuta mara kwa mara itakauka na kupasuka. Sivyo.

Mbao hupungukiwa na maji, si mafuta. Maji hayo huyachukua hewani na kuyarudisha hewani: hewa ikiwa na unyevu mwingi mbao hutanuka, hewa ikikauka mbao husinyaa. Unyevu unapopanda na kushuka kwa ghafla, ndipo nyufa hutokea na viungo hulegea. Mafuta hayawezi kuchukua nafasi ya maji hayo.

Tena yana madhara. Mafuta ya mbegu za kitani, yanayosifiwa sana, hugandamana yakikutana na hewa, huvuta vumbi, na kwa miaka huigeuza rangi ya mbao kuwa nyeusi. Kuyaondoa bila kuharibu rangi ya asili ni kazi ngumu mno. (Na kitambaa kilicholoa mafuta hayo, kikikunjwa na kutupwa pembeni, kinaweza kujiwasha moto chenyewe.)

Iweke samani mbali na jua la dirishani na kiyoyozi. Unyevu wa hewa wa asilimia 40 hadi 60, usioyumbayumba, unaifaa. Ifute vumbi kwa kitambaa laini. Ukitaka ing'ae, nta kidogo mara moja kwa mwaka inatosha, mradi rangi yake haibanduki.